Mgeuza Kurasa Hafi Kabla ya Ukurasa wa Mwisho

"Kibofu changu kinakuhusu nini wewe?" Aleida aliuliza, kijiko cha mbao kikiwa juu kama fimbo ya askari wa barabarani.

"Mama Mkubwa, mimi sijataja kibofu."

"Umekizungukia! Umesema 'muda mrefu', ukasema 'umri', halafu ukautupia jicho mlango wa choo. Unadhani mimi sina macho?"

Jorrit akanigeukia mimi, niliyekuwa mezani namenya viazi, akinisihi kwa uso nimwokoe. Sikumwokoa. Mtu anayeingia jikoni kwa Aleida asubuhi, kahawa haijamaliza hata kuchujika, amebeba tableti kwapani, huyo kajitakia mwenyewe.

Huyu Jorrit ni mtoto wa mdogo wake Aleida. Kipara kimeshaanza kumwita, lakini kwetu bado ni mtoto. Kazi yake ni kupiga piano, na Jumamosi ile alikuwa apige kanisani kipande cha muziki alichokitunga Bwana Tjalling, kipande kinachoanza watu wakitoka kunywa chai na kuisha wakati wa kubandika viazi vya jioni. Na ile tableti ndiyo ilikuwa fitina yenyewe. Inaonyesha noti zote kwenye kioo, na ukikanyaga kitufe kwa mguu, ukurasa unajigeuza. Maana yake mgeuza kurasa hahitajiki. Na mgeuza kurasa wa mji wetu, tangu mama yake Jorrit hajaota meno, ni Aleida.

"Ni chombo tu," Jorrit akasema kwa upole, kama anayembembeleza ng'ombe apande ngalawa ya kuvukia mto. "Hakikohoi. Hakina haja ya kula. Hakisinzii..."

Akajing'ata ulimi.

"Hakisinzii?" Aleida akashusha kijiko. "Kwani nani kasinzia?"

Jorrit akawa mwekundu kama ganda la nta la jibini.

Sasa hapo ningeweza kutia neno, nilikuwa nalo, lilikuwa limenikaa kooni mwaka mzima. Lakini niwaeleze kwanza Aleida ni nani, la sivyo mtadhani ule ulikuwa ugomvi wa tableti.

Sisi watu wa huku kando ya mto IJssel muziki mfupi hatuuamini. Muziki unaoisha kabla makalio hayajafa ganzi, huo ni kengele ya mlangoni. Kila mwaka majani yakianza kuanguka tunabeba mito ya kukalia, mikate yenye jibini na chupa za maziwa ya mgando, tunakwenda kanisa kubwa kusikiliza mtu mmoja, piano moja, kipande kimoja, siku nzima. Yupo mama mmoja wa mtaa wa nyuma aliingia na mimba, akatoka na mtoto anayeuliza chakula. Yupo mzee aliyeingia na nywele nyeusi akatoka na mvi, na mkewe alipomwona mlangoni akadhani ni mchuuzi, akamwambia tumekwisha kununua, asante. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na kama naongopa basi nigeuke jibini, tena lile lenye matundu.

Na sheria yetu ni moja. Kipande kikishaanza hakikatizwi. Mwaka ule paa lilipovuja, watu wa mabenchi ya kaskazini walifungua miavuli mmojammoja, kila mtu akisubiri mahali penye kelele ili mwavuli wake usisikike ukifunguka. Hakuna aliyehama. Walirudi nyumbani na vikohozi vya mwaka mzima, na wakisimulia hujigamba.

Aleida aliingia katika mambo haya akiwa binti mwenye magoti yenye makovu, mtoto wa muuza maziwa. Mgeuza kurasa wa siku ile alizimia kwa njaa kabla ya kuanza, maana alikuwa ni mtu wa mji mkubwa, alidhani chai ya asubuhi ataikuta kanisani. Mpiga piano, mgeni kutoka mbali mwenye nyusi kama brashi za viatu, akatazama mabenchi akaona mikono mirefu kuliko yote. Ilikuwa mikono ya Aleida.

"Wewe," akamwambia. "Unasoma noti?"

"Sisomi."

"Haidhuru. Nikiinua nyusi, geuza."

Hakuna aliyefikiria habari za nzi.

Nzi alikuja baada ya saa moja hivi. Akatua kwenye unyusi wa kulia, unyusi ukapanda, Aleida akageuza. Akahamia wa kushoto, Aleida akageuza. Yule mgeni naye alikuwa mtu wa heshima, alipiga kila alichowekewa mbele. Wakavuka kurasa kama sungura anavyovuka shamba la kabichi, wakafika mwisho jua likiwa bado utosini. Mji ulirudi nyumbani na mikate yake haijaliwa, watu wanakwepana macho kama walioibiwa. Kesho yake walirejea wote na mito yao, wakakaa palepale, na mgeni hakuruhusiwa kupanda treni mpaka alipopiga kila alichokiruka.

Lakini wakati wa kuaga akasema jambo moja. Alisema hajawahi kuona mkono mwepesi kama ule, kwamba kurasa ziligeuka bila hata kutoa upepo. Basi. Aleida akawa mgeuza kurasa.

Kazi yenyewe mkiitazama mtaidharau. Unakaa kiti cha kushoto, nyuma kidogo. Unavaa nguo nyeusi. Huvai bangili, hujipaki marashi, hutikisi kichwa hata muziki ukutekenye. Unainuka, unashika pembe ya juu, unageuza, unakaa. Mwisho mpiga piano anainama kupokea makofi, wewe huinami. Wewe hupo. Aleida alikuwa hodari wa kutokuwepo. Mpiga picha wa gazeti aliwahi kupiga picha ya jukwaa zima, ilipotoka gazetini Aleida hakuonekana, na wala hakuwa amefichwa na kitu.

Noti alijifunza kidogokidogo, kama mtu anavyojifunza jirani zake, wengi kwa sura na wachache kwa majina.

Harm tarishi alimposa akiwa kwenye kile kiti. Hilo nalo nililiona. Harm alikaa benchi la mbele, akaandika kwenye karatasi ya kufungia mkate, kwa herufi kubwa, NIKUOE? akaishika kifuani kama mtu anayempokea mgeni stesheni. Aleida aliisoma vizuri sana. Lakini mgeuza kurasa hatikisi kichwa. Harm akangoja na karatasi yake mpaka saa kumi na mbili jioni ikakaribia, na kwao mama yake alipakua saa kumi na mbili, hata mfalme angechelewa angekuta sahani tupu. Harm akakunja karatasi, akaenda kula. Kipande kilipoisha Aleida akarukia baiskeli na gauni lake jeusi, akaingia kwao Harm, akamkuta na uma mdomoni.

"Ndiyo," akasema.

"Funga mlango," mama yake Harm akasema, "viazi vinapoa."

Wakaishi vizuri. Harm alipofariki, mji mzima ulikuwa ukimshika Aleida mkono dukani, sokoni, kwenye mataa ya barabarani: hali gani, Aleida, unaendeleaje, Aleida. Siku moja akaniambia, "Geesje, mahali pekee ambapo hakuna anayeniuliza hali ni pale kitini." Tangu siku hiyo nilielewa kwamba mtu akimnyang'anya kile kiti, kamnyang'anya nyumba.

Sasa turudi jikoni. Kahawa ilikuwa imechujika. Aleida alimimina vikombe vitatu, akatoa bati la biskuti, akampa kila mtu moja, akafunga bati. Huku kwetu biskuti ni moja, hata kwenye ugomvi bati hufungwa.

"Sema," akamwambia Jorrit. "Nani kasinzia?"

"Hakuna, Mama Mkubwa."

"Nilifumba macho. Mwaka jana, kwenye kipande hikihiki cha Tjalling. Nilifumba kidogo, macho yalikuwa makavu."

Jorrit akaweka biskuti yake chini. Akanitazama. Nikaendelea na kiazi changu, nikakimenya mpaka kikabaki kama punje ya njegere.

"Hukufumba macho," akasema. "Ulikufa."

Aleida akakiweka kikombe mezani.

"Nilikufa lini?"

"Sehemu ya tatu. Uliniegemea begani, mdomo wazi, mkono unaning'inia. Nikakuita kwa kunong'ona, kimya. Nikakukanyaga, kimya. Nikakushika mkono pale penye nafasi ya kupumua, ulikuwa wa baridi."

"Kanisani hawawashi moto! Kila mtu alikuwa wa baridi!"

"Nilijua umekufa, Mama Mkubwa."

"Ukafanya nini?"

Nikaona sasa lile neno lililonikaa kooni litaniua mimi.

"Akaendelea kupiga," nikasema.

Aleida akanigeukia polepole, mwili wote, kama mlango wa ghala. "Na wewe Geesje ulikuwa wapi?"

"Benchi la pili. Nilikuona tangu ulipoanza kuinama."

"Ukadhani nimekufa?"

"Tulidhani wote."

"Wote nani?"

"Kanisa zima."

"Na hakuna aliyeinuka?"

"Aleida," nikamwambia, "ilikuwa sehemu ya polepole."

Basi nikaona heri nimalize. Nikamwambia: daktari alikuwa benchi la mbele, akakutazama wewe, akatazama saa yake, akaona haraka haipo tena. Mchungaji alivua miwani akainamisha kichwa, na hata leo hatujui kama alikuwa anakuombea au anasikiliza. Kina mama wa kahawa walipopata habari huko nyuma waliacha kukata keki vipande vya tamasha wakaanza kukata vya msiba, vile vinene. Na mimi nilikulilia, mwenzangu, nililia kwa machozi ya kweli, lakini nililia taratibu, nikifuata mapigo.

"Na kurasa?" Aleida akauliza. Jamani, kati ya maswali yote duniani. "Kurasa aligeuza nani?"

"Mimi," Jorrit akasema. "Mkono wa kushoto ukipata nafasi."

"Na usipopata?"

"Meno," nikasema mimi. "Nenda ukatazame zile karatasi, pembe zimetafunwa kama na mbuzi."

"Bibi Geesje, si kweli hiyo."

"Mbili zimetafunwa."

"Moja," Jorrit akakubali.

Aleida akakaa. Akanywa kahawa yake yote bila kupumzika. "Kisha watu wakapiga makofi," akasema, kama anayekumbuka ndoto, "nikaamka. Makofi makubwa. Wengine walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Daktari alikuwa analia. Nikasema moyoni, leo mwanangu kapiga vizuri."

"Makofi yale hayakuwa yangu, Mama Mkubwa."

"Niligeuza ukurasa."

"Uligeuza jalada. Kipande kilikuwa kimekwisha. Ulikaa wima, ukashika pembe, ukageuza jalada, ukawatazama watu kama vile wao ndio waliochelewa."

Nikadhani atacheka. Hakucheka. Alisimama, akaenda dirishani, akawa anatazama baiskeli zinazopita. "Mji mzima unajua. Mwaka mzima. Hamkuniambia kwa nini?"

"Ungeacha kazi," nikasema.

"Nisingeacha."

"Mimi ndiye ningeacha," Jorrit akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya mtu mwenye tableti. "Nilipiga sehemu ya tatu, ya nne na ya tano nikijua nimemkalisha mama yangu mkubwa kwenye baridi mpaka akafa. Niliwaza nitamwambiaje Mama. Na mwaka jana kilikuwa nusu kipande! Jumamosi ni kizima. Nikikuona tena unainama, sitaweza. Hii," akaigonga tableti, "sikuitaka. Nilitaka ukae benchini, umevaa koti, na mtu pembeni, nisiwe na haja ya kukuangalia kila ukurasa kama unapumua."

"Kumbe si kibofu."

"Si kibofu."

"Maana kibofu changu ni kizima."

"Najua, Mama Mkubwa."

"Benchini!" Aleida akarudi mezani. "Nikae benchini, mikono niiweke wapi? Mwenzangu Geesje hufuma. Mchungaji ana miwani ya kuvua na kuvaa. Mimi mikono yangu inajua jambo moja." Akaiweka mezani, mirefu, madoa ya uzee, vidole vimepinda kidogo. Tukaitazama sote watatu. "Nitatazama hicho kioo kikijigeuza chenyewe tangu asubuhi mpaka jioni. Hapo ndipo nitakufa kweli, na hutajua hata wewe, maana mtu aliyekufa benchini hufanana na wenzake wote."

Hilo ni kweli. Sikubishana.

Jorrit akakuna kipara chake.

"Nikuulize," Aleida akasema, na sasa nikaiona ile kona ya mdomo wake ikianza kucheza, ile niliyoijua tangu utotoni. "Ulipodhani nimekufa. Ulipiga vizuri?"

"Mama Mkubwa, swali gani hilo?"

"Jibu."

Jorrit akatazama ndani ya kikombe. "Vizuri kuliko siku zote," akasema kwa sauti ndogo.

"Alipiga vizuri," nikasema. "Mimi nisiyejua kitu nilisikia. Hata njiwa wa juu ya paa walinyamaza."

"Basi sikiliza. Mimi huwa nina peremende nyeusi mfukoni, za chumvi, zile ngumu. Jumamosi nitazitafuna. Huhitaji kugeuza kichwa, nitakaa pale jicho lako linapofika. Taya likicheza, Mama Mkubwa yupo. Taya likisimama, nipige kiwiko. Si kunikanyaga, kiwiko! Hapa, kwenye mbavu, kwa nguvu. Nina nyama."

"Na nikikupiga kiwiko usiamke?"

"Basi endelea," Aleida akasema. "Utakuwa umekwisha nipa mazishi, na kahawa iko tayari huko nyuma."

Jorrit akacheka. Alianza kama anakohoa, kisha likamshinda, akalaza paji la uso mezani kwenye maganda ya viazi akawa anatetemeka mabega, na sikujua kama bado anacheka au amehamia kwingine. Aleida akamwekea mkono kisogoni, akauacha hapo.

"Bibi Geesje akae benchi la mbele," akasema kutoka mle kwenye maganda.

"Atakaa."

"Na sindano yake ya kufumia."

"Nitamdunga mwenyewe," nikasema. "Kwa raha zangu."

"Na uvae koti, Mama Mkubwa. Jeusi, sawa, lakini koti. Na soksi za sufu."

"Mbili mbili."

"Basi sawa," Jorrit akasema, akainuka, ganda moja limemganda kwenye kipara. Akaichukua ile tableti, akatafuta pa kuiweka, mwisho akaiweka juu ya friji nyuma ya kikapu cha vitunguu. Halafu akaenda sebuleni kwenye piano ya Aleida, ile ya ukutani yenye picha ya Harm juu yake, akachukua kiti cha kulia chakula na kukiweka kushoto, nyuma kidogo.

"Njoo basi tujaribu sehemu ya tatu. Tuone hilo taya."

Aleida alivua aproni. Alitembea kwenda pale kama bibi harusi, jamani, na mimi nyuma yake na kisu cha viazi. Akakaa. Akatoa peremende mfukoni, akaitia mdomoni, shavu likatuna. Jorrit akaweka vidole kwenye piano lakini hakuanza.

"Ila Bwana Tjalling asijue kabisa kwamba ulilala, ni yeye tu asiyejua," akasema. "Unajua anawaambia nini watu? Anasema mji mzima ulisikiliza kwa masikio, lakini Aleida alifumba macho, Aleida peke yake ndiye aliyekisikia kipande chake. Alimwambia hivyo mwoka mikate. Tangu lile daraja alilokuwa akiyafungulia majahazi kwa mkono walipolitia mashine, hana kingine duniani ila kile kipande. Alikiandika maisha yake yote pale kibandani, akisubiri majahazi ya mchanga yapite."

"Ndiyo maana haishi kuniletea mapeasi?" Aleida akauliza.

"Hiyo ni sababu moja," nikasema mimi.

"Wewe Geesje, nyamaza."

"Nimenyamaza."

"Lakini Mama Mkubwa," Jorrit akasema, amegeuka nusu kwenye kiti, "sehemu tatu nzima. Ulikuwa wapi? Uliota?"

Aleida akahamisha peremende kutoka shavu hadi shavu. Macho yakamwangaza kama ya msichana aliyeficha kitu chini ya mto.

"Niliota," akasema. "Wala msimwambie mtu. Niliota nimekaa benchini, mikono mapajani, sina kazi. Na kile kipande kinapigwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu siwazi pembe ya ukurasa, nakisikiliza tu. Nakisikiliza chote. Na ukweli wa Mungu, Jorrit, kile kipande cha Tjalling ni..."

Mlango wa nyuma ukafunguka bila kubishwa, kama inavyofunguka milango ya nyuma huku kwetu. Bwana Tjalling alisimama pale na soksi zake za kijivu, viatu vya mbao ameviacha nje kwenye mkeka, mfuko wa mapeasi mkononi na nywele zimelowa mvua, amezichana njia kwa kitana.

"Nimesikia jina langu," akasema, uso wote umefunguka. "Mlikuwa mnasemaje?"

Jorrit akatazama piano. Aleida akatafuna.

"Viazi," nikasema.